Kibali cha nchi ambayo mwindaji haikanyagi

*Mgeni anayekuja kuwinda nyati Rungwa huipitisha bunduki yake chini ya sheria za nchi tatu au nne kabla haijafika porini. Inayomkwamisha mara nyingi ni ile ya katikati.*

Masanduku marefu hayazunguki na mizigo mingine. Ndege ya usiku kutoka Ulaya ikishatua Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, wapanda mlima na maharusi wanaokwenda Serengeti hujipanga kwenye mkanda kusubiri mabegi. Wawindaji huitwa pembeni. Sanduku la plastiki ngumu au la aluminiamu huletwa kwa mkono, limefungwa kufuli kila upande, na funguo ziko mfukoni mwa mwenyewe.

Sanduku hufunguliwa mbele ya polisi. Boliti imetolewa, chumba cha risasi kiko wazi, risasi ziko kwenye boksi lake mbali na bunduki. Ofisa huinama, akasoma namba iliyochongwa kwenye chuma na kuilinganisha na ile ya kwenye kibali, tarakimu kwa tarakimu. Sifuri ikiwa iliandikwa kama herufi O huko ilikotoka, kazi husimama, na mwakilishi wa kampuni ya uwindaji aliyekuja na gari kutoka Arusha huanza kupiga simu.

Hapo angalau sanduku limefika. Tabu kubwa zaidi ni pale mgeni anaposhuka Kilimanjaro na bunduki imebaki Amsterdam au Johannesburg, imezuiwa kwa sababu ya karatasi moja ambayo hakujua kuwa inahitajika. Ndege ndogo ya kukodi inamsubiri kumpeleka kwenye kiwanja cha porini. Siku za safari, ambazo kila moja imelipiwa kwa dola, zimeanza kuhesabika. Leseni ina tarehe zake, na tarehe hazimsubiri mtu.

Kupita na kuingia

Abiria wa kawaida hana habari na mji anaobadilishia ndege. Bunduki ikitua hapo imetua katika nchi yenye polisi, forodha na sheria yake ya silaha.

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia hadi leo, ulilitamka jambo hilo mapema. Kifungu chake cha 35 kinakataza kupitisha zana za kivita katika nchi yoyote, au juu ya anga lake, bila ruhusa ya nchi hiyo. Kisha kinaipa kila nchi haki ya kuweka masharti kwa vitu vingine, kwa ajili ya utulivu na usalama wa umma. Bunduki ya kuwindia haihesabiwi kuwa zana ya kivita, lakini sehemu ya pili ya kifungu inaigusa sawasawa. Kibali cha kupitisha silaha kinapata nguvu zake hapo.

Uholanzi humtaka mwindaji anayebadilisha ndege Schiphol, uwanja wa Amsterdam, aombe ridhaa ya forodha kabla ya safari. Haijalishi kwamba sanduku litahamishwa na wapakizi kutoka ndege hadi ndege na yeye mwenyewe hataligusa. Ridhaa hiyo hutolewa na ofisi ya forodha iliyoko Groningen, kaskazini mwa nchi, nayo hutaja bunduki, namba yake na safari inayohusika. Safari ya kurudi nayo inahesabiwa. Mgeni aliyempata chui wake mapema na kuamua kurudi nyumbani siku nne kabla ya tarehe huwa ameyabadilisha maelezo ya karatasi zake bila kujua.

Johannesburg swali ni jingine: sanduku limebandikwa lebo ya kufika wapi? Kama tiketi ni moja na lebo inasema Dar es Salaam, sanduku hubaki upande wa wasafiri wanaopita. Kama mgeni alinunua tiketi mbili kando kando ili aokoe fedha, au analala mjini usiku mmoja, atalazimika kulichukua sanduku mwenyewe. Hapo bunduki imeingia Afrika Kusini, na inahitaji kibali cha polisi wa huko kwa fomu ya SAPS 520, chini ya sheria yao ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2000. Fomu hujazwa kwa wino mweusi na kutiwa saini mbele ya ofisa. Wapo waliotia saini nyumbani kwao wakidhani wanaokoa muda, wakaambiwa waanze upya.

*Tiketi mbili za bei nafuu zilizonunuliwa kando kando hugeuza kupita kuwa kuingia.*

Marekani yenyewe, kwa uhuru wake wote wa kumiliki silaha, inajua mtego huu. Mwaka 2005 mkazi mmoja wa Utah alisafiri kwenda Pennsylvania kupitia Newark, jimbo la New Jersey, akiwa na bastola aliyoitangaza na kuifungia kwenye begi kama inavyotakiwa. Ndege ya kuunganisha ikamwacha. Akapewa begi lake, akalala nalo hotelini hapo hapo uwanjani. Asubuhi alipokwenda kaunta kuitangaza tena bastola ile ile, alikamatwa kwa kuwa na silaha New Jersey bila kibali cha jimbo, akawekwa mahabusu siku kadhaa.

Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipowashtaki waliomkamata, mahakama ya rufani ya shirikisho ilimkatalia mwaka 2010. Majaji walisema sheria ya shirikisho ya 1986 humlinda msafiri mradi silaha haimo mikononi mwake njiani, na begi lilipofika chumbani kwake ulinzi ule ulikoma. Walikiri kwamba msafiri wa namna hiyo hutumbukia kwenye mkwamo usio kosa lake. Na huyo alikuwa ndani ya nchi yake mwenyewe.

Karatasi isiyo leseni

Wawindaji wengi wanaokuja Tanzania ni Wamarekani, nao husafiri na karatasi inayoleta mkanganyiko wa aina yake. Ni fomu namba 4457 ya forodha ya Marekani. Kazi yake ya asili ni kuthibitisha kwamba mali ilikuwa ya msafiri kabla hajatoka nyumbani, ili asitozwe ushuru akirudi nayo. Hutumika hata kwa kamera.

Majimbo mengi ya Marekani hayatoi leseni ya kumiliki bunduki ya kuwindia. Mwindaji anapoulizwa Johannesburg aonyeshe leseni ya kwao, hana. Hutoa hiyo fomu ya forodha, na kwa miaka mingi imekubaliwa kama ushahidi wa umiliki. Miaka michache iliyopita ikazuka kasheshe: kwenye kona ya fomu huchapishwa tarehe ya mwisho ya toleo la fomu yenyewe, jambo la kiofisi la Washington lisilohusu bunduki wala mwenye bunduki. Polisi wa uwanjani waliisoma kuwa ni tarehe ya kuisha kwa leseni. Siwalaumu. Ofisa aliyefundishwa kukataa kibali kilichopita wakati atafanya nini anapoona tarehe iliyopita?

Mashirika ya ndege nayo yana yao. Kanuni za bidhaa hatari za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba risasi zisizozidi kilo 5 pamoja na vifungashio, za matumizi yake mwenyewe, na haziruhusu watu wawili kuunganisha mgao wao katika boksi moja. Kwa risasi za .375, kipenyo ambacho kwa Tanzania ndicho cha chini kwa nyati na tembo, kilo hizo ni karibu risasi mia moja. Baadhi ya mashirika hutaka taarifa siku kadhaa kabla, baadhi hutoza kila bunduki, na baadhi hayataki silaha kabisa. Mume na mke wanaowinda pamoja na boksi moja la risasi wamevunja kanuni kabla hawajaondoka nyumbani.

Somo la zamani la njia ya msafara

Anayedhani vibali vya kupitisha silaha vimeletwa na viwanja vya ndege arudi nyuma hadi 1890. Mwaka huo, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka zuio la kuingiza bunduki Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Bunduki iliyofika pwani ilipaswa kuwekwa kwenye ghala la serikali na kutolewa kwa kibali. Msafiri aliweza kuruhusiwa silaha ya kujilinda.

Mkataba huo uligusa na suala letu hili. Nchi iliyoshika pwani haikutakiwa kuzuia silaha zinazopita kwenda eneo la bara lililo chini ya taifa jingine lililotia saini, ila kwa utaratibu wa vyeti na maelezo. Bagamoyo na Mombasa zilikuwa milango. Unyamwezi, Uganda na Kongo ndiko mizigo ilikoelekea.

Mtu mmoja alikufa katikati ya utaratibu huo. Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kama mmisionari wa Kianglikana kisha akageuka mfanyabiashara wa pembe na bunduki, alizijua njia za misafara ya Unyamwezi kuliko Wazungu wengi wa wakati wake. Aliingia Kongo akitokea upande wa Wajerumani. Watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, walimtuhumu kuwauzia bunduki Waarabu na Waswahili waliokuwa wakipigana nao. Alikamatwa, akahukumiwa haraka haraka na Kapteni Hubert Lothaire, akanyongwa tarehe 15 Januari 1895 mahali paitwapo Lindi; si Lindi yetu ya kusini, ni ile ya Kongo.

London na Berlin ziliwaka. Dola Huru ya Kongo ililazimika kulipa fidia kwa serikali zote mbili, maana Stokes alikuwa raia wa Uingereza na watu wa msafara wake walitoka kwenye himaya ya Wajerumani. Nakitaja kisa hiki kwa sababu swali lililomuua ndilo linaloulizwa leo kwenye kaunta ya forodha kwa upole zaidi: silaha iliyo halali ilikotoka inakuwa nini inapovuka mpaka, na nani anajua inakoishia?

Kila upande na hoja yake

Kampuni za uwindaji zina hoja nzito. Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa 1 Julai na kufungwa 31 Machi, na mgeni wa nyati, simba au chui hupanga safari yake mwaka mzima kabla. Akisikia kwamba mwenzake alikaa Arusha siku tatu akisubiri bunduki, anaweza kuelekeza fedha zake Namibia, ambako kibali cha muda hujazwa uwanjani Windhoek mtu anaposhuka. Kitalu kisicho na mgeni hakina gari linalozunguka wala doria, na wenye vitalu husema, kwa haki, kwamba jangili hulijua pengo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori zinazopata mgawo wa uwindaji nazo hukosa.

Wapo wasiotaka bunduki hizo zije kabisa. Kenya ilifunga uwindaji wa kitalii mwaka 1977 na haijarudi nyuma. Kuuawa kwa tembo wenye pembe kubwa kutoka Amboseli waliovuka kuingia upande wa Longido, kulikoanza tena mwaka 2023 baada ya utulivu wa miongo, kumewatia uchungu watu wa pande zote mbili za mpaka. Kwao, kibali kinachochelewa ni mnyama aliyepona.

Hao wa mwisho wakiuliza kwa nini mgeni asikodishe bunduki kambini, hoja inaonekana rahisi. Kampuni nyingi zinazo. Lakini mwindaji anayejua kazi atakupa jibu ambalo, kwangu mimi, ndilo la maana kuliko yote yanayosemwa kuhusu jambo hili.

Nyati aliyejeruhiwa haanguki. Huingia kichakani, akageuka, akasubiri kwenye nyayo zake mwenyewe. Anayetangulia kuzifuata nyayo hizo si mgeni. Ni mfuata nyayo, kijana au mzee wa kijiji cha jirani, ana fimbo au hana kitu, macho yako chini, na nyuma yake mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Mgeni aliyepiga vibaya kwa bunduki asiyoizoea ameweka roho ya mtu huyo rehani. Bunduki ambayo mtu ameipiga miaka kumi, akakijua kitako chake begani na uzito wa kifyatulio chake, inapunguza hatari hiyo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kubeba bunduki yako kutoka ng'ambo ni majivuno matupu.

*Anayetangulia kuzifuata nyayo za nyati aliyejeruhiwa si mgeni aliyempiga.*

Hata bunduki ya nyumbani hufika imepigwapigwa na wapakizi, darubini imesogea. Ndiyo maana kambi yoyote makini humfyatulisha mgeni kwenye shabaha siku ya kwanza kabla ya kumgusa mnyama. Anayekodisha akipewa siku nzima kwenye shabaha hiyo hiyo, na risasi za kutosha, anaweza kuwinda salama. Tatizo ni kwamba siku hiyo nayo inalipiwa, na wengi huikatiza.

Kwa nini polisi wanahesabu

Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo takriban 109,000. Baada ya miaka ya ujangili, sensa ya 2014 ilikuta kama 43,000. Katika mfumo wa ikolojia wa Selous, sensa ya 2013 ilikuta 13,084 tu. Taifa linalobeba kumbukumbu hiyo haliwezi kuitazama bunduki ya .458 inayopita uwanjani kama fimbo ya gofu.

Watu wengi wakifikiria ujangili hufikiria bunduki za kivita. Hizo zilitumika, lakini bunduki za kuwindia zenye kipenyo kikubwa nazo zinapendwa na majangili, kwa sababu risasi moja inatosha. Katika vita ya vifaru ndani na pembezoni mwa Hifadhi ya Kruger, .375 na .458 zilizotengenezwa viwandani kihalali na kuuzwa kihalali zimekamatwa mara kwa mara mikononi mwa majangili. Silaha haramu nyingi zilianza maisha zikiwa na karatasi zote.

Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zilitia saini, ilitaka bunduki ziwekwe alama, zisajiliwe na zifuatiliwe zinapovuka mipaka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ikaja baadaye hapa nyumbani. Jeshi la Polisi linapotaka kampuni itaje mapema aina ya bunduki, kipenyo, namba na idadi ya risasi za kila mgeni, linafanya kazi ambayo tungelililaumu kwa kutoifanya.

Ninachokiona kuwa kasoro ni utengano. Mgeni anayewinda Karamoja nchini Uganda kisha akaja Tanzania kupitia Nairobi ana vibali vya serikali tatu zisizosomeana, ikiwemo Kenya ambako hawindi chochote. Umoja wa Ulaya una pasi ya silaha kwa wawindaji wake tangu maelekezo ya 1991, kijitabu kimoja kinachoorodhesha bunduki za mtu na kusomwa na kila polisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja tangu 2010 na viza ya pamoja ya utalii kwa baadhi ya wanachama, lakini kwa silaha kila mpaka unaanza na karatasi tupu. Daftari la pamoja la silaha za muda lingemfaa polisi kuliko hata lingemfaa mwindaji.

Risasi zinazobaki

Nguvu zote huishia kwenye kuingia. Bunduki ina namba, na mwenyewe aliyelipia bunduki ya thamani hatakubali kuiacha. Itarudi. Risasi hazina namba ya kila moja.

Mgeni alikuja na risasi sitini. Amefyatua ishirini na mbili, kwenye shabaha na kwa wanyama. Thelathini na nane zimebaki, na kurudi nazo ni kubeba uzito, kujaza fomu na kujieleza tena Schiphol. Mwindaji bingwa aliyekaa naye majuma mawili anatumia kipenyo hicho hicho, na risasi za namna hiyo ni ghali na adimu nchini. Kumwachia huonekana ni shukrani. Katika kambi za kusini na mashariki mwa Afrika ni desturi ya siku nyingi, na wengi wanaoifanya ni watu waadilifu.

Bila karatasi, risasi hizo thelathini na nane zimetoka kwenye hesabu ya taifa. Kwa jangili wa tembo, thelathini na nane ni msimu mzima.

Dawa yake si ngumu. Kibali cha kuingiza kinataja risasi ngapi zimeingia. Kitabu cha kambi kinaweza kutaja zilizofyatuliwa, kwa saini ya askari wa wanyamapori ambaye kwa sheria yupo pale kila siku ya uwindaji. Zinazobaki zipande ndege, au zikabidhiwe kwa mwenye leseni ya kipenyo hicho kwa hati inayofika polisi. Mgeni anayeondoka Kilimanjaro aulizwe maganda na risasi kwa umakini ule ule aliosomewa namba ya bunduki usiku alipotua. Kampuni zinazodai vibali vya haraka zinaweza kuanza kuijaza karatasi hiyo msimu huu, bila kusubiri kanuni mpya, na kwenda nayo mezani pamoja na malalamiko yao.